Mazoezi ya baiskeli kwa kundi kabla ya safari ya kuchangisha fedha: mwongozo kamili

Pumzi na miguu unaweza kuvijenga peke yako, alfajiri kabla ya kazi, bila kumsubiri mtu. Kuendesha nyuma ya gurudumu la mwenzako, ukijua atafanya nini kabla hajafanya, kunahitaji mwenzako awepo. Kwa hiyo mwongozo huu unashikilia jambo moja tangu mwanzo: siku ya kundi mnajifunza kwenda pamoja. Nani ana nguvu kuliko nani hilo lina siku zake. Safari za baiskeli za hisani hujaa watu waliojiandikisha kwa sababu ya moyo wao, wengi hawajawahi kuendesha wakiwa wamebanana, na kilomita za mwanzo barabara hujaa magurudumu yasiyojuana. Kundi lililojiandaa hulindana humo ndani na huwapunguzia hatari hata walio pembeni yake.

Nimewalenga watu wa kawaida: wana kazi, wana baiskeli nzima, wanaweza kuendesha saa moja bila kuishiwa, na wana wiki kumi na mbili mbele yao kabla ya safari ya kilomita 100. Safari yenu ikiwa fupi au ndefu zaidi, punguzeni au ongezeni kwa uwiano huohuo. Aliyekaa miaka bila mazoezi, mwenye shinikizo la damu, kisukari, au aliyewahi kubanwa na kifua, amwone daktari kwanza.

Hatua ya 1: Baiskeli ikukae mwilini

Anza na kiti. Egemea ukuta, kaa, kisha weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi yanasema kiti kiko chini mno. Ya nyuma ya goti yanasema kiko juu mno. Sogeza milimita tano hivi, endesha siku mbili tatu, ndipo usogeze tena. Anayehamisha kiti sentimita mbili kwa mkupuo mmoja huondoa maumivu mahali pamoja na kuyapeleka pengine.

Upepo wa tairi usipimwe kwa kidole. Kiwango cha juu kabisa kimeandikwa ubavuni mwa tairi; mtu mwepesi, au mwenye tairi pana, hujaza chini ya hapo. Tairi lililojazwa kupita kiasi hurukaruka kwenye lami mbaya na kukuchosha mikono.

Kofia ngumu ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio. Ikishagonga chini katika ajali, hata kama haionyeshi ufa, itupe ununue nyingine. Kaptula yenye sponji huvaliwa bila chupi, kwa sababu mishono ya chupi ndiyo inayochubua ngozi. Watu huona aibu kuliuliza hili, kisha wanateseka kilomita 60.

Kabla ya kila safari fanya ukaguzi wa dakika mbili: upepo, breki zote mbili, mnyororo, magurudumu yaliyokazwa. Mwishowe inua baiskeli sentimita kumi uiachie idunde. Kitakachogonga au kutikisika kimelegea, na kitafute kabla hujaondoka nyumbani.

Hatua ya 2: Ratiba ya wiki kumi na mbili

Siku tatu kwa wiki zinatosha. Mbili ni za peke yako, za dakika 45 hadi saa moja na nusu, na ya tatu ndiyo ndefu, ya kundi. Katika zile mbili, moja iwe ya mwendo wa utulivu kabisa. Nyingine iwe na vipande vigumu: ukishapasha mwili joto, endesha kwa nguvu dakika tano, pumzika dakika tatu, rudia mara nne. Kazi ya kuhema kwa nguvu mtu aifanye siku hiyo, ili siku ya kundi asitafute pa kuimalizia.

Safari ndefu za kundi ziende hivi kwa kilomita: 30, 35, 40, kisha wiki ya nne irudi 30. Halafu 45, 52, 60, na wiki ya nane irudi 45. Halafu 68, 78, na wiki ya kumi na moja 50. Wiki ya kumi na mbili ni ya safari yenyewe. Wiki za kushuka si za kurukwa, maana mwili hujijenga unapopumzika. Wala msihangaike kufikisha kilomita 100 mazoezini. Aliyemaliza 78 akiwa bado anaongea atamaliza 100 siku yenye watu wa kumshangilia barabarani.

Ukali wa safari ya kundi upimeni kwa mdomo. Kila mmoja aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Anayejibu neno mojamoja yuko juu ya uwezo wake, na mwendo wa kundi ushuke. Kwa anayependa namba, kwenye kipimo cha 1 hadi 10 kaeni kwenye 4 na 5, mkipanda mlima mguse 7. Pedali zizunguke mara 80 hadi 90 kwa dakika kwenye tambarare. Kusukuma gia nzito polepole huchosha misuli ya paja mapema na kuelemea magoti.

Hatua ya 3: Lipangeni kundi kabla halijajipanga lenyewe

Kundi la watu sita hadi kumi na wawili ndilo linaloongozeka. Mkizidi hapo gawanyikeni makundi mawili, na mwachiane nafasi ya kutosha ili gari likipita kundi moja lipate pa kurudi kwenye njia yake.

Watu wawili wapewe kazi mapema. Wa kwanza ni kiongozi wa msafara: anaijua njia, ana simu yenye chaji, ndiye mwenye sauti ya mwisho kuhusu mwendo na vituo. Wa pili ni mfunga msafara, anayekaa nyuma ya wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yangu kazi ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mpeni mtu mwenye nguvu na mwenye subira, anayejua kuziba pancha, asiyeona haya kupiga kelele "punguzeni!" kwa watu walioko mita hamsini mbele. Kila mmoja aandike kwenye karatasi ndogo jina lake, namba ya ndugu wa kupigiwa, mzio na dawa anazotumia, aiweke kwenye mfuko wa nailoni mfukoni mwa jezi. Simu iliyofungwa kwa namba ya siri haimsaidii mtu aliyezirai.

Wiki tatu za mwanzo chagueni njia ya mzunguko, inayorudi karibu na mlipoanzia kila kilomita 10 au 15. Anayechoka anakatisha bila kujisikia mzigo, na wengine wanaendelea. Njia isiyo na makutano mengi ya kukata barabara kubwa ni bora kuliko njia yenye mandhari nzuri.

Usiku wa kuamkia safari kiongozi atume ujumbe mmoja mfupi wenye mambo manne: saa ya kukutana, saa ya kuondoka, kilomita na mwendo wa wastani, na mtakapopumzika. Tenganisheni saa ya kukutana na ya kuondoka kwa robo saa. Mkisema saa kumi na mbili na robo, basi hiyo ndiyo saa ambayo magurudumu yanazunguka. Kundi linalowasubiri wachelewaji kila wiki huwafundisha wachelewe zaidi.

Hatua ya 4: Kukaa nyuma ya gurudumu

Hapa ndipo muda wa kundi unapostahili kwenda.

Kwanza sababu. Kwenye tambarare, ukishapita kilomita 25 hivi kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu yako inapambana na upepo, na kuuongezea mwendo mara mbili kunadai nguvu mara nane dhidi yake. Anayekaa karibu nyuma ya mwenzake huokoa kati ya robo na theluthi ya nguvu hiyo. Katika kilomita 100, hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza ukitabasamu na kumaliza kwenye gari la kubeba wachovu. Na ndiyo inayowezesha mtu dhaifu na mtu mwenye nguvu kwenda mwendo mmoja: mwenye nguvu anakata upepo muda mrefu, dhaifu anajikinga muda mrefu, wote wanafika.

Anzeni kwenye uwanja mtupu, kabla ya barabara. Zoezi la kwanza: fuata mstari uliochorwa chini, geuka utazame nyuma, kisha rudi mbele. Utagundua baiskeli inavutwa upande unakogeukia. Dawa yake ni kuutoa mkono wa upande huo kwenye usukani na kuuweka pajani huku ukigeuza shingo. Mabega yanabaki sawa na baiskeli inanyooka. Zoezi la pili: wawili waendeshe sambamba polepole, wagusane viwiko, kisha mabega. Mara ya kwanza mtu hukakamaa na kuyumba. Baada ya dakika kumi anakunja viwiko, analegeza mikono, na mguso unakuwa kitu kidogo. Kulegea huko kwa viwiko ndiko kutakakomwokoa siku atakapoguswa na mgeni kwenye msongamano.

Kisha ingieni barabarani, foleni ya mmoja nyuma ya mwingine. Mwanzoni acha nafasi ya baiskeli nzima kati yako na wa mbele. Wiki ya tatu au ya nne, mkishazoeana, ipunguzeni hadi nusu yake. Kukaribia zaidi ya hapo waachieni wenye uzoefu. Faida ya kukingwa ipo hata ukiwa mita moja nyuma, na mita moja inakupa muda wa kufikiri.

Macho yasikwame kwenye tairi la mbele yako. Tazama kiuno na mabega ya mwenzako, na juu ya bega lake uone barabara. Kiuno huonyesha mapema kwamba anataka kusimama kwenye pedali au kuacha kupiga pedali. Tairi huonyesha yakiwa yameshatokea.

Sheria isiyo na mjadala: gurudumu lako la mbele lisipishane na gurudumu la nyuma la mwenzako. Wa mbele akikwepa shimo, gurudumu lake la nyuma linalipiga lako la mbele kwa ubavu. Yeye hutikisika tu. Wewe unaanguka, kwa sababu gurudumu la mbele ndilo linalokupa mizani na limezuiwa kugeuka. Ajali nyingi za ndani ya kundi huanzia hapo. Ukijikuta umepishana, usiguse breki kwa pupa. Acha kupiga pedali, rudi nyuma taratibu.

Breki ndani ya foleni ni kitu cha mwisho. Ukimkaribia mwenzako mno, kwanza zungusha pedali bila kusukuma. Bado unamkaribia? Nyanyua kifua, upepo ukupunguze. Ikibidi gusa breki kidogo huku ukiendelea kuzungusha pedali, ili aliye nyuma yako asione mabadiliko ya ghafla. Kila anayeshika breki kwa nguvu mbele huzaa breki kubwa zaidi kwa kila aliye nyuma yake, na wa mwisho ndiye anayelipa.

Jambo linalosahaulika: mtu akisimama ghafla kwenye pedali, baiskeli yake hurudi nyuma kwa urefu wa kiganja au zaidi. Mfundishane kusimama vizuri. Panda gia moja nzito, sema "nasimama," nyanyuka mguu mmoja unaposukuma chini, na endelea kusukuma bila kukatika.

Kupokezana upepo

Anayekata upepo mbele akae dakika moja au mbili, aliyechoka akae nusu dakika, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Akitaka kutoka anatazama nyuma, anatikisa kiwiko au kutoa ishara mliyokubaliana, anasogea pembeni, na akishatoka kwenye mstari ndipo anapunguza mwendo. Upande wa kutokea uamuliwe kabla ya kuondoka na usibadilishwe njiani. Anashuka taratibu kando ya foleni. Mtu wa mwisho akimpita husema "mwisho," naye anaingia nyuma, akiongeza nguvu kidogo kabla nafasi haijafunguka.

Anayepokea nafasi ya mbele asiongeze mwendo. Hapa ndipo makundi yanapovunjika. Mtu amekingwa dakika kumi, miguu imepoa, akifika mbele anajisikia mzuri na kuruka kutoka kilomita 26 hadi 29. Yule aliyetoka mbele akiwa amechoka hawezi kulidaka gurudumu la mwisho, na kundi limempoteza mtu ambaye sekunde chache zilizopita alikuwa akiwafanyia kazi. Kabla hujapokea, soma mwendo kwenye kipima mwendo chako, na uushikilie huohuo.

Mkienda wawili wawili, mahali sheria na barabara zinaporuhusu, usukani wako uwe sawa na wa jirani yako. Kuna watu ambao kila jirani akiwafikia wao husogea nusu gurudumu mbele, jirani naye anasogea, na baada ya kilomita tano kundi zima linahema. Kiongozi amwambie mhusika wazi, mara moja, kwa jina.

Hatua ya 5: Sauti na ishara

Kubalianeni maneno machache na kila mtu ayarudishe kwa aliye nyuma yake: "shimo," "changarawe," "tunapunguza," "tunasimama," "pancha." "Gari nyuma" huanzia kwa mfunga msafara na kupanda hadi mbele, "gari mbele" hushuka. Kwa mkono: kidole chini kuonyesha shimo, kiganja kikisukuma chini kwa kupunguza, mkono nyuma ya mgongo ukielekeza upande wa kukwepea gari lililoegeshwa au mtembea kwa miguu. Sauti hutangulia mkono. Ukihitaji breki, mikono yote ibaki kwenye usukani na mdomo ufanye kazi.

Usiite kila kijiwe. Kundi linalopigiwa kelele muda wote huacha kusikiliza. Na usimwambie mwenzako "pita, ni salama" kwenye makutano. Kila mmoja atazame kwa macho yake, kwani nafasi iliyomtosha wa kwanza huenda imekwisha wa tano anapofika. Reli za treni zivukeni kwa pembe ya mraba. Mistari ya rangi na vifuniko vya chuma vikilowa huteleza kama sabuni.

Hatua ya 6: Kupanda na kushuka

Mlimani foleni inavunjwa makusudi. Upepo hauna maana kubwa tena, uzito ndio unaotawala, na kumlazimisha mtu mzito afuate mwendo wa mwepesi ni kummaliza. Kila mmoja apande kwa pumzi yake, mfunga msafara abaki na wa mwisho, na wote wakutane juu, nje ya barabara.

Sasa angalieni kinachotokea juu. Wa kwanza wamekaa dakika sita, wamekunywa, wamepiga picha. Wa mwisho anatokea, anasimama, wenzake wanasema "haya, twende." Aliyefanya kazi ngumu kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika, na kwenye mlima unaofuata atakuwa nyuma zaidi. Kanuni iwe kwamba saa ya kuondoka huanza kuhesabiwa wa mwisho anapoweka mguu chini, na yeye ndiye anayesema yuko tayari.

Kushuka, achianeni sekunde tatu hadi tano. Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri ndani yake. Pedali ya upande wa nje iwe chini ikibeba uzito wako. Macho yaende kule kona inakotokea. Asiyejiamini ashuke nyuma, na asipitwe na mtu kwenye kona.

Hatua ya 7: Kula na kunywa

Kwa safari ya chini ya saa moja na nusu, maji na kifungua kinywa cha kawaida vinatosha. Zaidi ya hapo, kila saa mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi, kwa hiyo ndizi moja na kipande cha mkate wenye jamu inakaribia saa nzima. Anza kula ndani ya dakika 45 za kwanza, kabla ya njaa. Ukishaisikia njaa barabarani, umechelewa kwa nusu saa.

Maji ni mililita 500 hadi 750 kwa saa, zaidi kwenye joto kali, kwa mafunda madogo kila dakika kumi au kumi na tano. Safari ikipita saa mbili kwenye jua, chupa moja iwe na chumvi kidogo au kinywaji chenye madini. Msilazimishane kunywa kupita kiu. Maji matupu mengi mno kwa saa nyingi hushusha chumvi ya damu, na hilo ni hatari ya kweli.

Mfunga msafara ajifunze dalili za mtu anayeishiwa. Ameacha kuongea. Baada ya kila kona pengo lake linakua mita moja. Anakosea gia, anajibu kwa hasira jambo dogo. Msimuulize kama yuko sawa, maana atasema yuko sawa. Msimamisheni, mpeni kitu kitamu, kaeni naye dakika kumi.

Kila chakula mnachotaka kutumia siku ya safari kionjwe mazoezini, kwenye zile kilomita 68 na 78, tumbo likiwa limetikiswa kweli.

Hatua ya 8: Pancha

Kila mtu abebe tyubu mbili za saizi yake, vitoleo viwili vya plastiki vya kuchomolea tairi, pampu na spana ndogo za kukunja. Kundi zima litoke barabarani kabisa. Wawili wanafanya kazi, wengine wanakula.

Chomoa gurudumu, toa ukingo mmoja wa tairi, vuta tyubu. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, huku ukitazama nje kama kuna kilichochoma. Mwiba au kipande cha waya huweza kubaki kimejificha kwenye mpira, ncha yake ikiwa fupi kuliko punje ya mchele, na ndicho kinachotoboa tyubu ya pili baada ya mita mia mbili. Jaza tyubu mpya upepo kidogo tu ili iwe na umbo, iingize, rudisha ukingo kwa vidole gumba ukianzia upande wa pili wa valvu na kumalizia kwenye valvu. Sukuma valvu ndani na uiachie, zungusha gurudumu kuona kama tyubu imebanwa mahali, ndipo ujaze.

Mfanye zoezi hili wote siku moja, kila mmoja kwa mikono yake, nyumbani kwa mmoja wenu. Anayejua kuziba pancha huendesha bila hofu.

Hatua ya 9: Michango ikue pamoja na kilomita

Mwaka 1980 watu 36 waliendesha baiskeli kukatiza jimbo la Massachusetts, Marekani, wakiongozwa na Billy Starr, wakakusanya dola 10,200 kwa ajili ya taasisi ya saratani ya Dana-Farber. Safari hiyo, Pan-Mass Challenge, bado ipo, na jumla ya michango yake imevuka dola bilioni moja. Ninalitaja kwa sababu ya ukubwa wa mwanzo wake: watu 36, idadi ya makundi matatu ya mazoezi kama lenu.

Kabla ya kumwomba mtu yeyote, jibuni maswali matatu kwa maandishi. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya nani? Iwe ya shirika linalosaidiwa, au ya pamoja yenye watia saini wasiopungua wawili. Isiwe simu ya mtu mmoja. Gharama zenu za chakula, usafiri na jezi zinatoka wapi? Ninashauri kila mwendeshaji ajilipie, ili mweze kumwambia mchangiaji bila kumung'unya maneno kwamba kila alichotoa kimefika. Na mkikusanya kidogo kuliko lengo, au safari ikiahirishwa, fedha zitakwenda wapi?

Kisha kila mmoja aanze kwa kuchangia mwenyewe. Orodha ya kuchangia yenye jina lako juu haihitaji maelezo marefu. Fuata ndugu na marafiki wa karibu, mmoja mmoja, kwa simu au ana kwa ana. Ujumbe uliotumwa kwa watu mia kwa mpigo kila mmoja hudhani mwingine atajibu. Taja kiasi na kazi yake: shirika liwaambie bei halisi ya kitu kimoja, vipindi vya matibabu au vitabu vya darasa, na wewe umwombe mtu anunue kimoja.

Ombeni mara tatu: wiki ya pili mnapoanza, wiki ya saba mkishafika kilomita 60, na siku tatu kabla ya safari. Ombi la wiki ya saba ndilo lenye nguvu, kwa kuwa sasa una kitu cha kuonyesha. Andika ulianza na kilomita ngapi, sasa unaweza ngapi, bado ngapi. Picha za wenzako tuma kwa idhini yao, na za wanaosaidiwa usitumie bila idhini yao na ya shirika.

Ahadi za kulipa kwa kila kilomita mimi sizipendi. Humfanya mtu mwenye goti linalouma aendelee kuendesha kwa kuwa kila kilomita ni fedha ya mgonjwa, na humnyima mchangiaji kujua atatoa kiasi gani. Kiasi kamili, kilichotolewa mapema, humwachia mwendeshaji uhuru wa kusimama pale mwili unaposema simama.

Shukrani itoke ndani ya siku mbili, ikitaja jina na kiasi. Kusitasita kushukuru hakuna nafasi hapa; anayeshukuriwa haraka humwambia mwingine.

Hatua ya 10: Wiki ya mwisho na siku yenyewe

Endesheni mara mbili tu, dakika 40 hadi 50, zenye vipande vifupi vya mwendo wa nguvu ili miguu isilale. Mnyororo upakwe mafuta, tairi zilizochakaa ziwe zimebadilishwa wiki mbili nyuma. Viatu vipya, kiti kipya na gia mpya vingoje safari ikishapita.

Asubuhi kuleni saa mbili au tatu kabla ya kuanza. Jipangeni katikati au nyuma ya umati, mkiwa vikundi vya wanne hadi sita mliokwisha zoeana magurudumu. Kilomita 10 za mwanzo ziwe za polepole kuliko mnavyotamani. Wageni watawapita kwa kasi, wataingia mbele yenu na kushika breki. Waachieni nafasi, shikeni mstari wenu, itaneni kwa sauti mliyoizoea. Mgeni akijiunga nyuma ya foleni yenu, mfunga msafara amwambie kwa upole ishara zenu, na amwombe akae nyuma bila kukata upepo mpaka amezoea. Mmoja akiumia, wawili wabaki naye na wengine waendelee hadi kituo cha huduma kilicho karibu. Aliyegonga kichwa hapandi tena baiskeli siku hiyo, hata akisema anajisikia vizuri.

Wiki inayofuata kaeni pamoja na hesabu. Jumlisheni, linganisheni na taarifa ya shirika, kisha kila mwendeshaji awaandikie wachangiaji wake jumla ya kundi, mahali fedha zilipopelekwa na tarehe zilipopokelewa, pamoja na nakala ya risiti. Aliyeahidi na hajatoa akumbushwe kwa barua hiyohiyo, mara moja, kwa adabu.